Safari ya Porini, Uvuvi na Uwindaji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mkula ni mahali padogo katika wilaya ya Busega, kwenye barabara ya lami itokayo Lamadi kwenda Bariadi, na wengi wa wapitao hapo huijua kwa hospitali yake tu. Hata hivyo, ukiitazama ramani kwa jicho la mtu anayeuza safari, utaona kwa nini jina la mahali hapa limeanza kuonekana katika matangazo. Upande mmoja ipo Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Upande wa pili lipo Pori la Akiba Kijereshi, na baada yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo lango lake la magharibi, Ndabaka, liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Ukishuka kusini, kupitia Bariadi hadi Itilima na Meatu, unafika kwenye nchi kavu ya miiba inayopakana na Pori la Akiba Maswa. Ziwa, hifadhi na nchi ya uwindaji vyote vimo katika mkoa mmoja, ulioanzishwa mwaka 2012.

Fursa hiyo ni ya kweli, na sisi tunapenda wananchi waifaidi. Kinachotusumbua ni namna inavyouzwa. Katika somo hili tunaeleza ni kitu gani mlaji anaruhusiwa kununua, ni kitu gani hakiuziki kwa bei yoyote, na namna ya kuitambua tofauti kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi wanne wa ofisi moja mjini Mwanza wanapokea tangazo kwenye simu: “Safari ya jangwani Simiyu, siku mbili, usiku mmoja. Kuvua sangara, kuwinda swala, kulala porini, nyama ya kuchoma. Sh 350,000 kwa mtu, vibali vyote tunavyo. Lipa nusu leo uhifadhiwe nafasi.” Mwishoni imewekwa namba ya simu ya kupokea fedha, yenye jina la mtu binafsi. Hakuna jina la kampuni, hakuna anwani, wala jina la pori.

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini kila sentensi yake ni ya aina ambayo mlaji hukutana nayo. Tuuchambue.

Jangwa lisilo jangwa

Neno la kwanza la tangazo si kweli. Simiyu haina jangwa. Ina nchi ya ukame wa wastani, yenye mvua kati ya Novemba na Mei na kiangazi kirefu baada yake, na kadiri unavyokwenda Meatu ndivyo miti inavyozidi kuwa mifupi na maji kuwa adimu. Anayetaka kuvua samaki jangwani kwa maana kamili ya neno hilo itambidi aende Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako sangara huvuliwa katikati ya mawe meusi na upepo wa moto.

Huenda ukaona kwamba neno moja la kupamba tangazo halina madhara. Sisi hatuoni hivyo. Anayeambiwa “jangwa” hujiandaa kwa mchanga na joto, hajiandai kwa ardhi ya mbuga, yaani ule udongo mweusi ambao kila Msukuma anaujua. Mvua ya saa moja hugeuza udongo huo kuwa gundi, na gari dogo la abiria lililopelekwa huko hulala hapo hapo. Wala hajiandai kwa mbung'o, ambao ni wengi upande wa Maswa na magharibi mwa Serengeti, na ambao huvutwa na nguo za buluu na nyeusi. Muuzaji mkweli hukwambia mambo hayo bila kuulizwa: uvae rangi ya udongo, ubebe maji ya kutosha kuliko unavyodhani, na uulize barabara kabla ya kuondoka kama ni Machi au Aprili. Mwenye kukuficha jina la nchi unayokwenda atakuficha na mengine.

Pori ni la nani?

Swali hili ndilo ufunguo wa somo lote. Mlaji anayeliuliza mapema huokoa fedha, na mara nyingine huokoa uhuru wake.

Kwa macho, pori ni pori. Kwa sheria, ardhi hiyo imegawanyika, na ruhusa ya sehemu moja haivuki mpaka kwenda nyingine. Hifadhi ya Taifa, kama Serengeti, husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Humo unaingia kutazama, kupiga picha na kulala katika kambi zilizoruhusiwa. Uwindaji haupo kabisa, kwa mwenyeji au kwa mgeni, kwa tajiri au kwa maskini. Uvuvi nao haupo, isipokuwa pale TANAPA yenyewe ilipoupanga kama shughuli ya utalii, mfano ukiwa Kisiwa cha Rubondo upande wa Geita, ambako mgeni huvua sangara kwa fimbo na mshipi.

Mapori ya akiba, kama Maswa na Kijereshi, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Katika baadhi yake vimo vitalu vya uwindaji wa kitalii, na Maswa ni mojawapo ya yale yanayojulikana kwa kazi hiyo. Kitalu hupewa kampuni kwa utaratibu wa Serikali. Si mali ya kila mwenye gari la magurudumu manne. Hata kuingia tu katika pori la akiba bila kibali ni kosa, na kuingia na silaha ni kosa zito zaidi.

Sehemu ya tatu ni maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambayo ni ardhi ya vijiji vilivyokubaliana kuitenga. Huko Meatu ipo Jumuiya ya Makao. Fedha halali ya mgeni katika maeneo haya huifikia jumuiya na vijiji vyake, na hiyo ni sababu nyingine ya kutolipa mkononi kwa mtu aliyekutana nawe stendi.

Kwa hiyo, tangazo linaposema “porini” bila kutaja pori lipi, bado halijauza kitu. Uliza jina la eneo, kisha upigie simu au ufike katika ofisi ya TAWA au TANAPA, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, uulize kama shughuli uliyoahidiwa inaruhusiwa hapo. Huhitaji kuwa mwanasheria kufanya hivyo.

Bunduki haiazimwi

Usukuma una historia ndefu ya uwindaji. Vilikuwako vyama vya wawinda nungunungu, wenye dawa zao, nyimbo zao na ngoma zao, na mtu akitembelea makumbusho ya Bujora pale Kisesa atapata kuona namna kazi hiyo ilivyoheshimiwa. Tunalitaja hilo kwa sababu wauzaji wengine huitumia historia hiyo kama kibali: “Hapa kwetu kuwinda ni mila, hakuna atakayekuuliza.” Ataulizwa, tena sana. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na ni leseni ndiyo inayomruhusu mtu kumwinda.

Uwindaji halali wa mtu wa kawaida uko wa namna mbili. Uwindaji wa kitalii hufanywa kupitia kampuni yenye kitalu, mgeni akiongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni. Ni shughuli ya gharama kubwa sana. Juu ya bei ya kambi kuna ada za Serikali, kibali, malipo ya kila siku na malipo ya kila mnyama, na mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huhesabiwa kama aliyeuawa. Anayekuuzia uwindaji wa kitalii kwa Sh 350,000, pamoja na malazi na nyama ya kuchoma, anakuuzia kitu kingine chenye jina hilo.

Namna ya pili ni uwindaji wa wenyeji. Leseni yake hutolewa kwa mtu, ikitaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Haiuzwi, haiazimwi, na haiwafuniki marafiki watatu waliokaa nyuma ya gari. Vivyo hivyo kwa silaha: kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anayeishika lazima awe na ruhusa ya kuishika. Wengi wanaodanganywa hunaswa hapa. Wanaamini kwamba leseni ya mwenye gari inawatosha wote, wakapokezana bunduki kama wanavyopokezana kamera. Yako pia mambo ambayo hata mwenye leseni haruhusiwi kuyafanya, kama vile kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari, au kummulika kwa taa usiku ili asimame. Twiga, mnyama wa taifa, hawindwi na yeyote.

Tuseme wazi kinachoweza kumpata mlaji. Nyama, ngozi, pembe au jino la mnyamapori ni nyara za Serikali. Kupatikana nazo bila kibali ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mashauri mengi katika mahakama za ukanda unaopakana na Serengeti hayakuhusu pembe za ndovu, yamehusu vipande vichache vya nyama kavu ya nyumbu. Mtu aliyelipia “safari” akarudi na furushi la nyama kwenye buti la gari hatakiwi tu kueleza kwamba alilipa. Atatakiwa kuonyesha kibali, na aliyempokea fedha hatakuwapo kumtetea. Katika kazi yetu, bidhaa mbovu humpotezea mlaji fedha. Hii yaweza kumpotezea ujana wake.

Baadhi ya matangazo huahidi kuwinda pamoja na Wahadzabe, ambao huishi maeneo ya Ziwa Eyasi na baadhi yao Meatu. Kuwatembelea kwa heshima na kutazama maisha yao, kupitia utaratibu wa kijiji, ni jambo moja. Kudhani kwamba ruhusa waliyo nayo ya kujipatia chakula inahamia kwa mgeni aliyeshika upinde ni jambo jingine, na si kweli. Na kwa wasomaji wanaopokea matangazo kutoka ng'ambo ya mpaka: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Hakuna safari halali ya kuwinda huko ya kununuliwa.

Ziwani

Uvuvi wa burudani ni rahisi zaidi kuupata, nao tunaupendekeza kwa moyo mweupe. Ghuba ya Speke ina sangara, sato, kambale, kamongo na furu, na alfajiri tulivu yenye mshipi, ndoano na chambo cha furu haihitaji utajiri. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi, na leo ndiye anayeleta viwanda na wageni.

Uvuvi husimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 pamoja na kanuni zake. Afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kumuuliza kuhusu leseni, na kila mwalo una kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambacho viongozi wake wanawafahamu wenye mitumbwi waaminifu. Beba futi kamba. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25 hatakiwi kuvuliwa, na ukimnasa kwa bahati mbaya umrudishe majini angali hai. Kokoro, nyavu za timba na sumu ni haramu, na mgeni anayekodi mtumbwi ambao ndani yake zimo zana hizo anajiweka mahali pabaya hata kama yeye ameshika ndoano moja.

Lakini jambo la kwanza ziwani ni roho yako. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilikuwa kimebeba watu wengi kupita uwezo wake. Kivuko kile kilikuwa cha chuma na kilikuwa karibu kufika. Mtumbwi wa mbao wenye watu wanane, kreti la soda na jiko la mkaa una nafasi ndogo zaidi ya kusamehe makosa. Kabla ya kulipa, hesabu maboya ya kujiokolea: yawe mengi kama watu, mazima, na yavaliwe tangu ufukweni. Uliza chombo kimesajiliwa na kukaguliwa, na kinabeba wangapi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukiona nahodha anacheka unapouliza maboya, shuka. Fedha uliyokwisha kulipa tutakusaidia kuidai.

Maji ya pembezoni yana kichocho, kwa hiyo usiingie miguu mitupu kusukuma mtumbwi, na usimwache mtoto acheze kwenye matete. Mamba na viboko wapo. Ukiisha kurudi nyumbani na ukaona damu kwenye mkojo, hata baada ya majuma kadhaa, nenda hospitali ukaeleze kwamba uligusa maji ya ziwa.

Fedha, karatasi na maneno madogo

Turudi kwa wale wafanyakazi wanne. Je, wangejilindaje?

Kwanza wangetaka jina la biashara na leseni ya wakala wa utalii, ambayo wengi bado huiita leseni ya TALA. Leseni hiyo ina jina la kampuni na mwaka wake. Picha ya leseni iliyotumwa kwa simu haitoshi, kwa kuwa picha hukopwa. Linganisha jina lililomo na jina linalotokea unapotuma fedha. Kampuni inayopokea malipo ya wateja kwa jina la shemeji wa dereva haijafika mahali pa kuaminiwa.

Pili, wangetenganisha fedha ya muuzaji na fedha ya Serikali. Ada za kuingia hifadhini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 12 na huanza na 99. Mwombe muuzaji namba hiyo uione jina la taasisi linalotokea, au ulipe mwenyewe. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo mno kuliko mgeni wa nje. Kwa miaka kadhaa Serengeti imekuwa Sh 10,000 kwa mtu mzima kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaowatoza wananchi viwango vya wageni, kisha tofauti ikabaki njiani. Viwango hubadilika, basi uliza vya mwaka wako.

Tatu, wangeomba mkataba. Hata ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na tarehe, jina la eneo, shughuli zitakazofanyika, kilichomo katika bei na kisichomo, na kitakachotokea safari isipofanyika. Wauzaji wakubwa huwa na mkataba waliouchapa wao, wenye maandishi madogo nyuma. Yasome. Ukikuta sentensi inayosema muuzaji hatarudisha fedha kwa sababu yoyote ile, hata kosa likiwa lake, usiichukulie kama amri ya Mungu. Masharti ya namna hiyo, yaliyoandaliwa na upande mmoja na kumkandamiza mlaji, yanaweza kuletwa kwetu yachunguzwe. Sheria tunayoisimamia, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. “Vibali vyote tunavyo,” ikisemwa na asiye na kibali, ni maelezo ya uongo hata kama safari haijaanza.

Kuhusu malipo ya awali tuna maoni yetu. Kuhifadhi nafasi kwa sehemu ya fedha ni desturi ya kawaida, na kambi yenye mahema sita haiwezi kuishi bila hiyo. Lakini haraka ya “lipa leo” haina kazi nyingine ila kukuzuia kuuliza. Pori halihami. Nyumbu wa magharibi mwa Serengeti hupita takriban Mei hadi Julai kila mwaka, na mwenye kambi halisi atakuwapo kesho asubuhi.

Dai risiti ya mashine, EFD, kwa kila malipo. Hifadhi ujumbe wa simu na tangazo lenyewe, usilifute kwa hasira. Mlalamikaji anayefika kwetu na tangazo, ujumbe wa malipo na jina la aliyepokea huwa amekwisha kufanya nusu ya kazi. Andika malalamiko mapema, kwanza kwa muuzaji, ukimpa siku za kujibu, kisha kwetu. Kama kuna silaha, nyara au wizi wa wazi, usianze kwetu. Nenda polisi au TAWA siku hiyo hiyo.

Nyama ya kununua

Limebaki jambo dogo, nalo huulizwa sana. Anayetamani nyamapori hana haja ya kubeba bunduki. Kanuni za Uuzaji wa Nyamapori za 2020 ziliruhusu mabucha yenye leseni kuuza nyama iliyopatikana kihalali na kukaguliwa. Bucha la namna hiyo huweka leseni yake mahali pa kuonekana, na nyama yake hutoka na risiti. Nyama inayouzwa gizani, kwenye ndoo, kando ya barabara ya Lamadi, haijakaguliwa na mtu yeyote, na ukiinunua inakuwa nyara iliyomo mikononi mwako. Ukinunua dukani, risiti hiyo ikae pamoja na nyama: kwenye mfuko njiani, kwenye jokofu nyumbani, na isitupwe hadi kipande cha mwisho kimeliwa.